Kiatu Kilichokwenda na Mto Momba

Mjukuu wangu Neema,

Barua yako imefika bila shikamoo. Najua nakuzidi miaka mitatu tu, lakini mimi ni mdogo wake babu yako, na babu ni babu. Huku nyumbani, kijijini Mpemba, wote wazima, mama yako anavuna mahindi.

Umeuliza, "Babu, huna kitu, mbona unacheka kutwa?" Haya, msomi wa chuo, jibu la darasa la saba hili hapa.

Siku ya ubatizo wangu kule Kamsamba niliingia mtoni na viatu vipya vya ncha kali kutoka Zambia. Walisema nivivue, nikakataa, watu wangevionaje? Mchungaji akanishika kichogo, akauliza, "Unamkataa shetani na fahari zake zote?" Papo hapo tope likanivua kimoja, mkondo ukakibeba.

"Ngoja kwanza, mchungaji! Kiatu changu!"

Ukingoni kwaya nzima ikaangua kicheko. Mchungaji akaniachia kichogo. "Kifuate, kijana, au nijibu. Mimi nipo."

Nilikuwa nimebeba mizigo mpakani msimu mzima kwa ajili ya viatu vile. Nikakitazama kikikata kona.

"Namkataa," nikasema. Akanizamisha.

Tangu hapo nimenunua viatu vingi, vyote vimeisha soli. Ila furaha niliyoibuka nayo siku ile, mguu mmoja peku, bado naivaa.

Kiatu kilichobaki kinazuia mlango wa banda la kuku. Ukija likizo, kisalimie. Kisha njoo unipe shikamoo yangu.

Babu yako, kijana mtanashati