Mafuta Meupe Jikoni kwa Mama Arvind

Jumamosi, 9 Juni 1973

Wewe uliyeliokota daftari hili, lifunge. Nakuomba. Na kama jicho limeshapita, basi neno lisitoke kinywani mwako. Hasa lisimfikie mwenye nyumba, maana Kiswahili anakisoma — polepole, kwa kidole, lakini anakisoma.

Sina siri bado. Naogopa mapema tu.

Mama Arvind, mwenye nyumba wangu, ana homa, siku ya tatu hali kitu ila chai. Pua imeziba, hasikii harufu wala ladha. Mwanawe yuko Leicester na mkewe. Basi nikaenda mwenyewe soko la Bull Ring. Bilingani mbili, ngumu, zinang'aa. Pilipili hoho nyekundu, nyanya, vitunguu, kotimiri, ndimu. Mkate wa boflo, bado una joto. Penye kibanda cha siagi na jibini niliomba mafuta magumu ya kupikia, yale meupe. Muuzaji akaniita "bab", kama wanavyoitana Waingereza wa mji huu, akanikatia kipande, akakifunga kwa karatasi. Kama Kimbo ya nyumbani kabisa! Nilifurahi kama mtoto.

Grili ya jiko la gesi inatoa moto juu, kama mtu aliyepalia makaa juu ya sinia. Nilikata bilingani nyembamba, nikatia chumvi, nikazifuta maji, nikazipaka mafuta kwa brashi. Zikaiva mpaka kingo zikawa nyeusi. Hoho nilizichoma hadi ngozi ikavimba, nikazimenya. Mkate nao nikaupaka mafuta, pande zote mbili. Juu kotimiri na ndimu.

Alikula sandwichi mbili! Akauliza nani kanifundisha. Nikasema hakuna, nimebahatisha tu.

"Basi bahatisha na kesho, mwanangu."

Jumanne, 12 Juni

Amepona, ila pua bado. Nimerudi kutoka ofisini nikamkuta anakaanga chapati kwa mafuta yangu. Nusu ya kipande imekwisha. Anasema Arvind hajawahi kumchemshia hata maji.

Nilipofika Februari nikitafuta chumba, milango minne ilifungwa kabla sijamaliza salamu. Yeye aliuliza tu: wa Mombasa? Mtaa gani? Kumbe duka lao la vitambaa huko Mombasa mama yangu alikuwa akilijua. Akanipa chumba na sharti moja: jikoni kwake kisiingie kitu kilichowahi kupumua. Ana miaka sitini na moja, na kwa dini yake ya Kihindu hajaonja nyama tangu azaliwe. Hata yai. Mimi Mwislamu nilishukuru — jiko kama hilo ni salama kwangu pia.

Alhamisi, 14 Juni



Gertrude alikuja kunywa chai, Mama Arvind yuko hekaluni. Gertrude ni muuguzi, mtu wa Nyeri, tulijuana kwenye meli. Alifungua bakuli lenye yale mafuta yangu akitafuta sukari. Akanusa. Akachota kidogo kwa kidole.

"Wee! Mwanasiti! Kwani siku hizi unakula nguruwe?"

Nikadhani mzaha. Akasema alikaa mwaka mzima kwa Waingereza kule Nyeri, walikuwa wakikaanga mayai kwa mafuta haya kila asubuhi. Mafuta ya nguruwe. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akaniona uso, akalifunika bakuli.

Sikuuliza! Mimi ambaye ofisini nasoma barua mara tatu kabla ya kuipiga muhuri!

Nilikimbilia bomba nikasukutua. Kwangu najua: sikukusudia, Mungu ameona. Lakini yeye? Miaka sitini na moja.

Gertrude anasema nitupe, ninunue majarini, nifunge mdomo. "Amekula, amepona, basi. Unataka akufukuze ukalale wapi?"

Nimetupa. Nimesugua grili kwa maji ya moto na soda. Bado naiona inang'aa.

Ijumaa, 15 Juni

Nilikusudia kumwambia Mama Arvind wakati wa chai. Nikafungua mdomo, nikasema mvua itanyesha.

Ndipo akasema yeye. Jumapili wanakuja akina mama kumi na wawili kuimba nyimbo zao za dini, na atawalisha sandwichi zangu. Ameshazisifia hekaluni kote. Kesho anakwenda sokoni mwenyewe. "Yale mafuta yako yamekwisha? Ni kibanda kipi?"

Nikasema mtu yule amehama. Uongo wangu wa kwanza kwake.

"Kibanda hakiwezi kwenda mbali. Nitamuuliza kila mtu. Miguu ninayo."

Atampata. Atanunua. Akina mama kumi na wawili — na safari hii nitakuwa najua.

Jumamosi, 16 Juni, saa mbili na nusu asubuhi

Yuko chumba cha mbele anasali. Nimesikia kengele yake ndogo mara moja; ikilia mara ya pili amemaliza, huja kuchukua kikapu mlangoni.

Nimejaribu kusema kwa mdomo mara tatu. Siwezi. Nimeandika barua, herufi kubwa, maneno mafupi, ili kidole chake kisihangaike. Nimemweleza yote: kibanda, kipande, chapati. Iko ndani ya kikapu; begi langu liko miguuni. Bado naweza kuitoa. Ni hatua tano.

Nanakili hapa maneno ya mwisho, nisije baadaye nikajidanganya kwamba sikuyaandika:

"Usiende kibanda kile, mama. Sandwichi za Jumapili mafuta ya karanga yanatosha, chupa nimeiweka mezani. Brashi nimeitupa. Unitake au usinitake, nitasugua kila sufuria na kila sahani. Niko kwa Gertrude, Kings Heath. Panda basi namba 50, shuka penye kanisa, rudi nyuma hadi duka la viatu. Ngazi ziko ubavuni, lakini usipande, magoti yako. Kengele ya mlango ni mbovu. Simama chini uniite, kwa jina lolote utakaloona linanifaa. Dirisha nitaliacha wazi."