Baiskeli ya Makato na Nyumba ya Wenye Ndoa

Jumapili, 2 Novemba

Na tena si kwamba basi la kampuni ni baya. Lina kiyoyozi. Lakini linazunguka Riyadh nzima kushusha watu, na nikifika chumbani na kumpigia simu Mwanaidi, hayuko peke yake tena. Wenzake wa zahanati wameshaingia, na mke wangu ananijibu kama anaongea na karani wa benki. Mke wangu. Tumeoana Tanga, likizo ya Septemba, na bado mkono unafurahi kuyaandika maneno haya. Kule Jeddah ana nusu saa yake mwenyewe baada ya alasiri. Naitaka yote.

Leo nimetia saini. Kampuni inaninunulia baiskeli ya kwendea kazini, nakatwa mshahara mwaka mzima. Nimechagua ya kijani.

Jumanne, 4 Novemba

Dakika kumi na mbili kwa baiskeli, kutoka kazini ghalani hadi chumbani. Tumeongea hadi simu ikapata moto. Amecheka kile kicheko chake cha chini. Sikula. Nimeshiba.

Otieno, Mkenya ninayeishi naye chumba kimoja: "Bwana harusi, hiyo bike umeipangusa mara tatu. Bibi wa Jeddah ajue ana mwenzake."

Alhamisi, 6 Novemba

Kampuni imefungua orodha ya nyumba za wenye ndoa. Vyumba viwili, jiko, roshani. Mkataba wa Mwanaidi unaisha, na zahanati inataka jibu tarehe 17: abaki au aondoke. Nikipata nyumba, ikama yake, kibali cha kuishi huku, inahamia kwangu, anakuja Riyadh. Nikikosa naye ameshawakatalia, ni ndege ya kurudi Tanga.

Sina wasiwasi. Mshahara wangu unafika kiwango wanachotaka, niliangalia kabla ya harusi. Amenitumia picha za mapazia. Nimezibusu.

Jumapili, 9 Novemba

Haufiki.

Bwana Hisham wa utumishi amenionyesha karatasi. Fedha ya baiskeli haikatwi baada ya mshahara kuandikwa. Inaushusha mshahara wenyewe, kwenye mkataba. Ndivyo nilivyotia saini. Nimepungukiwa riali sabini kufikia kiwango. Nikasema ichukueni baiskeli yenu. Akasema, "Halas, imekwisha, ndugu yangu. Ni mwaka mmoja. Ungeniuliza kabla."

Sikuuliza. Nilikuwa naangalia rangi.

Nusu saa yote Mwanaidi ameongea habari za jiko. Nimeitikia ndiyo, ndiyo. Mwoga mimi.

Jumatano, 12 Novemba

Sijasema. Najichukia.

Otieno leo hakutania. "Mwambie, bro. Akiacha kazi kwa sababu ulinyamaza, usisingizie bike." Nikamkasirikia. Nikaenda kufua shati lililokuwa safi.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo pia hapana.

Jumapili, 16 Novemba

Nimesema. Kesho anawajibu zahanati, hapakuwa na siku nyingine. Nilianza vibaya, nikarudi mwanzo, nikamaliza. Kisha akauliza, "Ina kerio?"

Nikasema haina, nyuma ni gurudumu tupu.

"Kumbe hata kwenye baiskeli hukuniwekea pa kukaa, mume wangu."

Hakucheka. Akasema baiskeli angenisamehe siku ile ile. Kinachomuuma ni wiki nzima kumwacha achague mapazia ya nyumba isiyokuwepo, huku najua. Akakata simu.

Jumanne, 18 Novemba

Anabaki Jeddah. Mwaka mmoja zaidi, amesaini jana. Jana yenyewe hakupiga, wala hakupokea.

Leo amepiga mwenyewe, sauti ndogo, akauliza nimekula nini. Dengu. Akasema niache kula dengu kila siku. Kisha hakuna aliyekata simu. Nilimsikia akipumua, na nje kwake mtu akivuta kiti. Nampenda mpaka naogopa.

Shangazi yake anayekaa Karantina, huko huko Jeddah, atatuachia chumba chake Ijumaa na Jumamosi. Ruhusa nimeomba, nimepewa. Sijui Mwanaidi atanipokea kwa uso gani. Mwezi huu hautaisha kabla sijabisha hodi mlangoni pake.