Mfereji wa Mbele ya Jiko Letu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na lile goti lako limepoa. Wifi aliponiandikia kwamba unapanda ngazi kwa kushika ukuta, nilikuombea siku ile ile na sijaacha mpaka leo. Sisi huku hatujambo, Mungu anatusitiri. Ni macho yangu tu yanachoka mapema, ndiyo maana unaona mistari inapanda mlima.

Nina habari ndefu, kaka, kwa hiyo keti kwanza. Ni habari ya kichochoro chetu.

Halmashauri ya jiji imeleta utaratibu mpya wa vichochoro. Zamani, unakumbuka, kila mtu alimwaga kifusi mbele ya mlango wake, mvua ikinyesha kifusi cha huyu kinahamia kwa yule. Sasa jiji linatandika matofali ya saruji bure, na kila baada ya miaka miwili watarudi kuziba palipobomoka. Lakini kuna masharti. Kichochoro kiwe na upana wa mita mbili mwanzo hadi mwisho, maana mashine yao ya kushindilia haipiti pembamba. Wakazi wachague watu watatu wa kusimamia usafi wa mfereji. Na aliyejenga ndani ya njia avunje mwenyewe kwa siku kumi na nne, la sivyo kichochoro kizima kinarudi mwisho wa foleni, miaka mitano.

Karatasi ilisomwa kwa sauti na Bibi Redio wa nyumba ya pembeni, yule ambaye jambo lisipomfikia basi halijatokea. Watu walifurahi sana. Dobi, aliyeteleza mvua zilizopita na furushi zima la shuka nyeupe akazifua mara ya pili, alisema matofali yakija atapita katikati ya njia kama bwana harusi. Mimi nikachaguliwa kuwa mmoja wa wale watatu. Bibi Redio aliwaambia kwamba mwoka mikate huamka kabla ya wenye dhambi wote, kwa hiyo atamwona kila anayemwaga maji machafu.

Mpima alikuja Jumanne, mama mmoja mwenye kofia ya manjano na maneno machache. Alitueleza kwamba ramani za zamani zililowa maji huko ofisini zikawa uji, kwa hiyo wao wanauamini mfereji. Mfereji hupita katikati ya njia. Wanapima mita moja kulia, mita moja kushoto, basi. Nyumba zote zilipita mpaka alipofika pale kwenye kona, kati ya jiko letu na chumba cha Fundi, pale tunapopita upande upande kama kaa. Kutoka mfereji hadi ukuta wa jiko letu alipata mita moja na ziada. Upande wa Fundi, sentimita arobaini. Akachora alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa Fundi.

Hujamsahau Fundi, najua. Mshona nguo wetu wa mlango wa mbele, ambaye marehemu baba alimwita Mla Njia mpaka watoto wa mtaa wakalirithi jina. Sasa ana zaidi ya miaka sabini, mkewe ametangulia, na riziki yake yote ni ile cherehani iliyo dirishani. Ukuta ule ukivunjwa, chumba kinabaki nusu. Bibi Redio alisema leo Mla Njia anatapishwa njia, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Fundi hakutoka nje. Tulisikia tu cherehani imenyamaza, halafu ikaendelea.

Mimi kama mjumbe ndiye niliyepaswa kumpelekea karatasi ya siku kumi na nne. Alikuwa ameniwekea kiti. Akaisoma yote, akatia sahihi. Dobi alikuwa amenituma nimwambie kwamba watu ishirini hawawezi kukaa kwenye tope kwa ajili ya chumba kimoja. Fundi akajibu kwamba Dobi ana haki. Kisha akaniomba kwa heshima zote, akiniita mama, kama naweza kumsitiria cherehani yake jikoni kwetu wakati wanavunja, kwa kuwa ndiko karibu na hakuvuji. Nikamwambia nitamjibu kesho.

Siku ile unga ulinishinda, kaka. Nilipiga magoti, lakini sala haikutoka. Kila nikifumba macho namwona mzee yule anabeba cherehani yake kuileta jikoni kwetu. Asubuhi nikaenda kwake kwanza, kisha ofisi ya jiji. Nikamwambia mpima aje na jembe, achimbe chini ya ukuta wetu sisi, si wa Fundi. Alinitazama sana, lakini akaja. Walipofika kina cha goti wakakuta mfereji wa zamani wa saruji umejazwa kifusi, umenyooka, mita moja kamili kutoka kwa Fundi. Kutoka kwetu haikufika nusu mita. Bibi Redio aliinama akachungulia shimoni mara mbili. Alama ya X ikafutwa kule ikachorwa kwetu.

Basi ukuta wa jiko umevunjwa, na tanuri lililoegemea ukuta ule limekwenda nao. Nimejenga dogo zaidi ndani. Linaingiza mikate kumi na miwili palipoingia ishirini. Tutakula kwa hiyo kumi na miwili. Matofali yametandikwa wiki iliyopita na chumba cha Fundi kimesimama kizima.

Najua unauliza nilijuaje. Hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito, kaka, lakini nimeahidi mbele ya Mungu kwamba sitaikunja karatasi hii bila kukwambia.

Mwaka ule nina miaka kumi na mmoja, wewe uko shule ya bweni, Fundi alikwenda kumuuguza mama yake akakaa siku arobaini. Mama alikuwa analalamika jiko dogo. Baba akavunja ukuta, akaujenga mbele zaidi. Nyumba zilikuwa nne tu wakati huo, wapangaji wa kuja na kuondoka, na waliouliza aliwaambia anarudishia msingi wa zamani. Kisha akaufukia mfereji, akauchimba upya karibu na kwa Fundi. Mimi ndiye niliyemshikia kamba. Nilisimama upande wa Fundi na ncha mkononi, na baba ananiambia sogea, sogea tena, mpaka kisigino changu kikagusa ukuta wa watu.

Fundi aliporudi akapiga kelele, baba alimwonyesha mfereji, akamuuliza kama mifereji siku hizi ina miguu. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Halafu ile siku ya bombani. Ulikuwa umerudi, kijana mwenye nguvu zako, Fundi akamwita baba mwizi mbele ya watu, nawe ukampiga kofi. Uliingia jikoni, nikakuletea maji unawe. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nina akili zangu timamu, na nilijua kwamba umempiga mtu anayesema kweli. Nikakumiminia maji nikanyamaza. Tangu siku hiyo ukija nyumbani unazungukia barabara ya juu usipite mlangoni kwake, na mimi nakuona, na bado nilinyamaza. Baba nimemwombea msamaha. Lakini la kofi lile siwezi kulitupa kaburini kwake. Lilikuwa mikononi mwangu kulizuia kwa kusema kweli mapema, nami sikusema.

Sikukuuliza kabla ya kwenda ofisini, ingawa nyumba ni yetu sote wawili. Niliogopa ungesema tulinde jina la baba, nami ningepata kisingizio.

Nilipomweleza Fundi asubuhi ile, aliweka mkasi chini. Kisha akasema kwamba miaka yote hii, akiwa peke yake, alikuwa akipima ukuta wake mwenyewe kwa ile tepu ya kushonea, akidhani labda akili yake ndiyo inayomdanganya. Hakunilaani. Aliniuliza tu kama wewe unajua. Nikamwambia bado. Akasema basi mwandikie, akageukia cherehani.

Ndiyo hii nimeandika. Sikuombei msamaha wa kwake, hilo ni lako na lake. Mimi naomba wa kwangu.

Nisalimie wifi sana, na watoto uwabusu kwa ajili yangu. Mungu awalinde na alinyooshe goti hilo. Ukiwa na hasira niandikie na hasira yako hiyo hiyo, nitaisoma yote. Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi dada yako,
Mwoka Mikate