Mama Yuko Hufaidh

Chibayish, Jumanne

Dada yangu Shukriya,

Salamu nyingi zikufikie huko Basra, wewe, shemeji na watoto. Natumai kifua cha shemeji kimetulia na joto la mjini halijawamaliza. Sisi huku tunapumua. Wafiya, mke wangu, anakusalimu, ingawa mimi mwenyewe siku hizi salamu zake nazipata kwa nadra.

Najua umepiga simu mpaka umekasirika. Kila ilipoita nilikuwa nimeishika, naitazama, sithubutu kupokea. Usidhani ni dharau. Nimesikia pia kwamba Ami Sahain amekwambia mama amezama, na kwamba Jumamosi unaweka fatiha ya msiba nyumbani kwako. Ndiyo maana naandika mbio mbio. Tafadhali isimamishe. Mama hajafa.

Nianzie kwenye maji. Tangu kiangazi kianze bwawa linarudi nyuma kila siku, na yaliyobaki ni chumvi. Nyati saba wamekufa. Waliobaki kumi na mmoja walikonda, na malai ya maziwa ya asubuhi hayakujaza hata kikombe. Ami Sahain akawa kila jioni anakuja kwenye mkeka wangu, anakunywa chai yangu na kunisimanga: “Wewe Jahaish, mama yako alikuita mwanapunda ili jicho baya likupite. Limekupita kweli, na akili nazo zimekupita! Uza hao nyati uhamie mjini.” Mama, na upofu wake wa miaka kumi na moja, alikuwa akimjibu kutoka pembeni kwamba yeye mjini atakwenda akiwa ndani ya sanda, na kwamba mgeni naye aone haya, chai imekwisha.

Siku kumi zilizopita nyati wote wakatoweka. Hawakuibwa, nyayo zao ziliingia moja kwa moja kwenye matete, wamemfuata Warda, yule mzee wa pembe moja. Unajua wanaitika sauti ya mama tu. Basi nikampakia kwenye mtumbwi, nikawa nasukuma kwa upondo, naye anawaita kwa majina, mmoja mmoja, kutwa nzima. Alasiri upondo ukaacha kugusa chini. Nikayaonja maji, yalikuwa matamu. Mama akaacha kuita, akanusa, akasema anasikia harufu ya makomamanga.

Kisha akanishika goti, akasema kana kwamba ananiagiza kuni: “Fumba macho, mwanangu. Hapa ni Hufaidh.”

Wewe na mimi tulilazwa kwa habari za kisiwa hicho: makasri, mitende, nyati wasio na mfano, na majini wanaokificha. Na mtu akikiona, maneno yake hayaeleweki tena kwa binadamu mpaka afe. Ulipoanza shule ulikuwa ukicheka, na mimi nikicheka nawe.

Nilifumba. Mtumbwi ukagota udongo. Nikawasikia nyati wetu wakikoroma karibu kabisa, na mama akishuka. Akaniambia yeye hana macho ya kuadhibiwa, amefika, nimwache na niende zangu. Nikaondoka.

Nyumbani nikamweleza Wafiya. Akaniambia niache mchezo. Nikaeleza tena, akaanza kulia. Mimi najisikia nasema Kiarabu chetu kile kile. Jirani amesema nasikika kama mtu anayesukutua maji. Wakaniuliza mama yuko wapi, na kila nilivyojibu ndivyo walivyozidi kurudi nyuma. Sasa Ami Sahain anatangaza mbele za watu kwamba nilichoka kumlisha kipofu, nikamzamisha, na wazimu ni wa kujitia tu. Alhamisi ukoo unakutana kunihukumu, na mshtakiwa kwetu hujisemea mwenyewe. Nitasema nini, dada?

Jana nilijaribu kalamu. Niliandika sukari na majani ya chai kwenye kipande cha boksi, nikampa mwenye duka. Akanipa sukari na majani ya chai. Nililia pale pale, watu wakinitazama. Kwa hiyo haya utayasoma. Wazee nao ningeweza kuwaandikia, lakini watataka niwapeleke wakajionee, na wote watarudi wakiwa kama mimi.

Utakuwa umeshajiuliza: kama nilifumba macho, ulimi wangu umeharibikaje?

Nimekudanganya hapo juu. Mama hakuniambia niende. Aliniambia nisubiri, anakwenda kumfunga Warda kamba, wengine watafuata, turudi nyumbani. Nikasubiri. Akaita jina langu kwa mshangao, na mimi nikafumbua. Makasri sikuyatazama. Nilimwona mama amesimama ukingoni bila fimbo, ananiangalia, Shukriya, usoni, macho yake yamefunguka. Anacheka na kulia, anasema jamani, mwanangu amezeeka! Akaninyooshea mikono.

Nikaogopa. Nikasema moyoni huyu si yeye, ni jini limevaa sura yake. Nikausukuma mtumbwi. Akaniita mpaka matete yakatutenga, na neno la mwisho nililosikia ni kwamba kamba ya mtumbwi inaburutika majini, niangalie isije ikanasa upondo. Jini gani lingejali upondo wangu? Alikuwa mama. Nilimkimbia siku ile ile aliyopata macho, na kitu alichokiona ni mgongo wangu.

Kesho asubuhi, baada ya kumpa dereva wa Basra barua hii, narudi kule. Kuona hakuna tena cha kuniondolea. Nikimkuta nitamwomba msamaha. Huenda kule maneno yangu yanaeleweka. Akitaka kurudi nitarudi naye, akitaka kubaki nitakaa naye. Wafiya hajui, na kusoma hawezi. Njoo umwambie wewe, kwa sauti yako, kwamba sikumwua mama na kwamba yeye sijamtoroka.

Nisalimie shemeji, apunguze sigara. Wabusu watoto, na yule mdogo mwambie mjomba wake anamkumbuka. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Jahaish