Ufa wa Kisima cha Mama Zuhura

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepuliza dawa ya salfa mikorosho tangu alfajiri. Pua njano. Nimepiga chafya mpaka kuku wakahama. Mama Zuhura, fundi cherehani aliyepanga nyumba yangu ndogo ya nyuma ya soko, kaja kuaga. Keshokutwa anahamia Lukuledi. Nimemuuliza nani atanishonea sanda. Hakucheka.

Jumatano, 6 Agosti
Kukagua nyumba. Mlango mzima, dirisha zima. Kufunua kisima cha mvua: kikavu. Ufa toka juu mpaka chini, kiganja kinapita. Nani atapanga nyumba isiyo na maji hapa Newala? Nimekasirika sana. Cherehani yake ilikuwa bado kibarazani. Nimeichukua. Akizibe kisima, nimrudishie mashine. Kasema tu, "Sawa, Baba Saidi." Nilitaka abishe.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimesimulia kahawani. Wazee wote upande wangu. Mpangaji akiona uharibifu aseme. Yeye kanyamaza.

Ijumaa, 8 Agosti
Jirani yake, Bibi Mwanahawa, kanisimamisha nikitoka msikitini. Ufa ulianza masika. Tangu hapo Mama Zuhura anapanga foleni bombani na ndoo.
"Mbona hakuniambia?"
"Akwambie umwimbe tena kahawani?"
Nimekumbuka. Mwaka jana alileta habari ya bati linalovuja. Nikawatangazia kahawani kwamba anataka nimjengee Ikulu. Wakamwita Mama Ikulu mwezi mzima, mpaka watoto. Bati akaliziba mwenyewe. Nami nikajisifu nina mpangaji asiyesumbua. Kisima sijakifunua miaka mitatu.
Cherehani ipo chumbani kwangu, na sare ya shule aliyokwisha kuitia mkono mmoja tu. Huko Lukuledi anakula nini? Mwizi mimi.

Jumapili, 10 Agosti
Gari mpaka Masasi, jingine mpaka Lukuledi. Cherehani mapajani. Konda kauliza kama ni bibi harusi.
Mama Zuhura kanipa shikamoo yake ileile. Bora angenitukana. Nimemwambia kisima ni changu, nitakiziba mimi. Na lile la Ikulu nilikosea.
Kasema, "Ilinipasa niseme, baba. Kila nikija kukwambia nakukuta na wale wazee wa kahawani, narudi."
Kanipa muhogo. Tumekula.

Alhamisi, 14 Agosti
Kisima kimezibwa. Mwalimu kijana kaja kutazama nyumba. Kanionyesha komeo la choo, limelegea. Neno la dhihaka limenijia mdomoni, tamu kweli. Nimelimeza. Nimekwenda kutafuta bisibisi.