Vitunguu vya Mke wa Omari

Dada Mwana, shikamoo. Nimefika Dodoma salama, ila upepo mkavu umenipasua midomo. Treni ya Wajerumani ilinishusha juzi, nikafikia kwa Omari, yule mfanyabiashara wa Kondoa. Mkewe ni Mgogo. Jana mama yake Omari alikuja kuonja pilau la mkwewe. Lisipompendeza, amtafutie mwanawe mke wa Kirangi, wa kabila lao.

Alikuta vitunguu vilivyokatwa vimetandazwa juani kwenye ungo. Akacheka. "Unavianika kama mlenda, mboga yenu Wagogo?"

"Ndiyo, mama. Kwetu tunaanika kila kitu."

Wanijua mimi: nikainuka nimhutubie juu ya kudharau kabila la mtu. Omari akanivuta kanzu. "Mwalimu, kaa. Acha kwanza vikaangwe."

Vikakaangwa kwa samli, vikanyunyizwa juu ya pilau, vikavu hata vikalia menoni. Mama yake Omari akatafuna, akaongeza, akatafuna tena. Mwisho akamwambia mkwewe, "Kesho kata vingi, tuanike wote."

Hotuba yangu ningali nayo. Nakuletea na vitunguu kidogo vilivyokaangwa; vikilegea kwa unyevu wa Bagamoyo, uvile hivyo hivyo, dada yangu, ukinikumbuka.

Nduguyo, Salimu