Farasi Aliyeondoka Bila Bendera

Hanoi, mwezi wa pili wa kalenda ya wazee,
manyunyu hayajakatika

Kaka yangu Luong,

Pokea salamu zangu wewe, Wifi Duyen na watoto. Natumaini karatasi hii itawakuta wazima na kwamba joto la Saigon halijawamaliza. Sisi huku miili ni mizima. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na kile kikohozi alichokuwa nacho wakati wa mwaka mpya wetu, Tet, kimekwisha. Nyumba ndiyo inayotoa jasho kama kila machipuko: ukuta unachuruzika, sakafu inateleza, nguo nilizofua juzi bado zina harufu ya unyevu. Ubani wa marehemu Mama nauwasha kila asubuhi, ingawa vijiti vyenyewe vinashika moto kwa kubembelezwa.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Nikikupigia, Baba huvuta kiti akaja kukaa ubavuni mwangu, na wewe nawe hufungulia sauti nyumba nzima isikie. Nina mambo siwezi kuyasema mbele ya kadamnasi hiyo. Barua nimempa Dada Nhai, jirani yetu, anayekuja huko kumwona mjukuu wake. Akianza kukusimulia yeye, mpe chai umnyamazishe, maana atatia chumvi. Soma kwanza haya yangu.

Ni kuhusu ile video ya Baba akicheza chesi ya watu kwenye tamasha la mtaa. Niliituma kwenye kundi la familia kabla hata sijavua nguo za mchezo, na jioni ile ile ukajibu, "Huyo ndiye mzee wangu! Wanaosema amechoka waje wacheze naye!" Ukauliza pia Baba alininong'oneza nini pale katikati, ni siri gani ile ya ushindi. Nikakujibu kwa kicheko. Kesho yake ukaandika kwamba kwa kuwa Baba yuko imara, hutakuja kwenye siku ya kusafisha makaburi, kazi zimekubana, utakuja Tet ijayo. Tangu nisome maneno hayo sina raha. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa, naweka sufuria jikoni nasahau kuwasha moto, mpaka najiuliza ni nani kati yetu anayesahau zaidi.

Unakumbuka Tet ulipomwona Baba akimimina mchuzi wa samaki kwenye kikombe cha chai. Ulinivuta jikoni ukaniambia kwamba akipotea njia hata mara moja tu, utakuja kumchukua aishi nanyi huko ghorofani. Ulisema kwa upendo, najua, lakini nililala na maneno yako kifuani kama jiwe. Baba, Kaka? Baba anayeamka kabla ya jogoo kwenda ziwani kunyoosha viungo na wale wamama, kunywa chai yake na kubishana na kila mtu? Huko kwenu atafungua dirisha abishane na nani? Nikaapa moyoni kwamba hutasikia lolote kutoka kwangu.

Halafu likaja tamasha. Mwaka huu watu walifurika uwanja wa nyumba ya mtaa kama vile wamefungiwa ndani mwaka mzima. Kulikuwa na bembea za mianzi, watu wazima waliofungwa macho wakimfukuza bata, na mashindano ya kupika wali wa kunata juu ya majiko ya makaa yaliyojaa moshi na matusi. Kwenye chesi tulikwama. Vijana wote wana mitihani na masomo ya ziada, hakupatikana hata mmoja wa kuvaa joho akae uwanjani nusu siku. Ndipo kikundi chetu cha mazoezi ya asubuhi tukasema basi, tutakuwa kete sisi wenyewe. Hebu fikiria wanawake kumi na sita, wengine ni mabibi kabisa, vichwa vyeupe kwa mvi, tumevaa majoho mekundu. Dada Nhai alikuwa gari la vita. Mimi nilikuwa farasi. Jemadari wetu alikuwa na goti bovu, lakini jemadari hatembei sana, kwa hiyo ilimfaa.

Mchezaji wa mtaa ni Baba, kama miaka yote. Nilijaribu kumtoa. Nilimwendea Dada Nhai, kwa kuwa yeye ndiye mpangaji, nikamwambia mzee amechoka, tumpumzishe. Akanikazia macho akasema, "We Thoa, sasa tumweke nani? Mume wangu? Yule hata rimoti inamshinda!" Sikuthubutu kumwambia sababu yenyewe. Ningemwambia saa mbili, saa tatu ingekuwa sokoni. Baba mwenyewe kila jioni alikuwa anatandika ubao mezani akifanya mazoezi. Siku nyingine alinifunga nikiwa sijamaliza hata kukaa vizuri. Siku nyingine aliinua kete ya farasi, akaizungusha mkononi, akaniuliza taratibu huyu huwa anakwendaje.

Umeusahau mchezo wenyewe kwa kukaa kwako kusini, kwa hiyo nikukumbushe. Kila kete inakaa kwenye kigoda chake, na bango la jina lake juu ya fimbo. Mchezaji anatembea katikati yetu na kibendera. Anakugusa bega, anakuonyesha pa kwenda, unabeba kigoda chako unahamia. Kete haisemi, haishauri, haikohoi. Na mchezaji akifikiri mno, mpiga ngoma anakuja na kile kingoma kidogo kumpigia sikioni, tok tok tok, mpaka aone aibu acheze.

Mpinzani alikuwa Mzee Hoach wa mtaa wa pili, yule anayefungwa na Baba kila mwaka na kila mwaka anasingizia kiatu. Alipoingia tu akapaza sauti, "Mzee Khiem, leo umeleta jeshi au umeleta kitengo cha wastaafu?" Baba akamjibu kwamba hata hawa wastaafu wanamtosha yeye na wajukuu zake. Uwanja ukaangua kicheko, na mimi nikapumua. Nikasema leo ni siku yake nzuri.

Na kweli alianza vizuri. Alikuwa anatembea mgongo umenyooka, bendera juu, kama alivyokuwa akitembea ndani ya tramu akikata tiketi zamani zile. Aliula mzinga wao mmoja, na yule mama aliyekuwa mzinga akatoka uwanjani na kigoda chake akilalamika kwamba ndiyo kwanza alikuwa amepata mkao. Nilikuwa nimeanza kufurahia, Kaka. Nilikuwa nawatafuta kwa macho watu wa kutupiga picha.

Kisha manyunyu yakaanza upya. Baba akaja akasimama mbele yangu, akanigusa bega. Nikashika kigoda, nikangoja. Bendera ikapanda, ikabaki hewani. Haikuonyesha popote. Mpiga ngoma akasogea, tok tok tok, na kila pigo nililisikia kwenye meno. Nikainua uso nikamwangalia Baba, naye alikuwa ananiangalia kwa ile heshima anayowapa watu asiowajua. Akainama karibu na sikio langu.

Hapo ndipo ulipoona ananong'ona. Hiyo ndiyo siri ya ushindi uliyouliza. Aliniambia, "Samahani mama, tramu ya Ha Dong imeshapita?"

Tramu zenyewe zimeng'olewa tangu watoto wako hawajazaliwa. Nikawaona watu wote wale, simu zimeinuliwa, Mzee Hoach amekunja mikono anangoja, na ngoma haikomi. Nikawaza kwamba sasa hivi atapaza sauti auulize uwanja mzima, na wewe utaiona, na mwisho wa wiki utakuwa hapa na begi lake mkononi. Nikamnong'oneza kwamba haijapita, bado ipo njiani. Nikanyanyuka na kigoda changu, nikaenda mwenyewe.

Nakuungamia, Kaka. Hakunituma. Nilijituma. Nilikwenda pale ambapo nadhani yeye angenipeleka, maana nimekua nikisikia mchezo wake kupitia ukuta kama wengine wanavyosikia redio. Nilipokaa sikuweza kumtazama mtu. Dada Nhai, aliyekuwa mbele yangu, aligeuza shingo kidogo tu, akaniona uso, akaelewa yote. Huyo mwanamke ana mdomo, lakini siku ile Mungu wa ziwa aliufunga. Zamu yetu ilipofika tena, Baba akainua bendera bila kuelekeza kokote, na Dada Nhai akajikohoza, akabeba kigoda, akahama kwa maringo kama aliyeamriwa na mfalme.

Basi ikawa hivyo mpaka mwisho. Baba anatembea, bendera juu, anatabasamu, na sisi tunacheza. Mara moja walisimama wawili kwa pamoja, tembo na askari, kila mmoja na mpango wake. Watu wakacheka, na yule askari akasema alikuwa ananyoosha joho tu. Tukashinda. Ukiitazama tena ile video bila kushangilia, utayaona haya yote.

Mzee Hoach aliyaona pale pale. Nilikuwa nangoja apige kelele, maana mwaka fulani alizua ugomvi kwa sababu kete yetu ilipiga chafya. Badala yake alimshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. Halafu akapita karibu yangu akasema chini chini, "Farasi wako mwaka huu anajua njia mwenyewe." Nilitaka kujitetea. Akanikata, "Mwite kaka yako, Thoa. Mimi wangu nilichelewa kumwita." Akaenda zake akichechemea, kiatu kweli kilikuwa kinambana.

Sikukuita. Nilikutumia video. Nilifurahi kwamba nimekudanganya vizuri, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu uliponiamini ndipo nikaogopa. Nilikuwa naogopa usije ukamchukua. Sasa naogopa usipokuja. Tet ijayo ni mbali, Kaka. Juzi nilimwonyesha Baba ile video ili nimchangamshe. Aliitazama yote kwa makini, mwisho akasema yule mzee mwenye bendera anatembea vizuri, lakini wenye akili ni wale wanawake.

Kuna jingine, nalo ndilo lililonikalisha niandike. Jumamosi iliyopita nilitoka kununua mboga, niliporudi nikakuta mlango wazi. Kofia yake haipo, mwavuli upo. Nilikimbia mpaka ziwani na kandambili moja, nyingine sijui niliiacha wapi. Nilikwenda anapokunywa chai, hayupo. Nikauliza wale wanaochezea kwa miguu kile kimpira cha manyoya, wakasema hawajamwona. Nikaanza kuangalia majini, Mungu anisamehe. Nikamkuta ukingoni mwa barabara, pale ilipokuwa stesheni ya tramu, amesimama kwenye mvua, amenyooka, na kile kibendera cha chesi mkononi.

Kwa hiyo amepotea, na sharti lako limetimia, nami nakwambia kwa kalamu yangu mwenyewe. Nikamfokea, ndiyo, nimemfokea Baba yetu barabarani, nikamwambia hakuna tramu, imekwisha zamani, anangoja nini kwenye mvua. Hakukasirika. Aliniuliza leo si Jumamosi? Nikamwambia ni Jumamosi. Akasema basi nisipige kelele, anamngoja mwanawe Luong, anasoma Ha Dong, kila Jumamosi anarudi na tramu ya jioni, na mtoto mwenyewe mvivu wa kubeba mwavuli.

Nilisimama naye, Kaka. Tulikaa pale mpaka taa za ziwani zikawashwa, kisha nikamwambia pengine umepata safari ya wiki ijayo, akakubali turudi nyumbani.

Njoo kwenye siku ya kusafisha makaburi. Ukifika ukataka kumchukua, tutagombana, hilo nakuahidi, na Dada Nhai na kikundi kizima watakuwa upande wangu. Lakini tugombane ukiwa umekaa hapa mezani naye anakuona. Nitakupikia vile vidonge vya unga wa mchele vyenye sukari guru ndani unavyovipenda, na nitakutandikia kitanda chako cha zamani, godoro ninalianika kila jua linapochungulia.

Nisalimie Wifi, mwambie kitambaa alichonipa nimekishona. Wabusu watoto. Majirani wote wanakusalimu. Baba naye anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia, akaniagiza nikukumbushe usisimame mlangoni tramu ikiwa inatembea, na kwamba ukishuka usihangaike kutafuta njia, yeye atakuwa pale pale.

Ni mimi mdogo wako,
Thoa